Anayeteremka Penye Mikaratusi

Tarehe 6 mwezi wa tisa, 1999

Daftari hili mkwe wangu Belyse alilinunua la kuandikia majina ya mtoto atakayezaliwa, kisha akasema majina yatakaa kichwani. Basi nimelichukua mimi. Kusoma kwangu kuliishia darasa la tatu kule Karagwe tulipokuwa wakimbizi, atakayeliona asicheke. Kinyarwanda nakisema, lakini mkono wangu ulifundishwa kuandika Kiswahili.

Leo nimevuka mpaka kwenda Goma na vitunguu vyangu kama kila siku, nimerudi na amotiseri mbili za nyuma za gari la mwanangu Kwizera. Ni zile bomba ndefu zinazosimama karibu na resori, yaani springi za kubeba gari, moja kila gurudumu, za kuzuia gari lisirukeruke. Za zamani zilikuwa zinavuja mafuta. Kwizera anabeba abiria kwenda Mudende na kurudi, barabara ya mawe matupu, na gari lenyewe ni dogo, na mke wake Belyse ana mimba ya miezi sita. Nikasema hizi nitanunua mimi, mimi niliyemzaa.

Nilikuwa nimepima za zamani kwa kipande cha kitenge. Urefu nikafunga fundo, tundu za bolti nikatia alama ya mkaa. Muuzaji akaniletea aina mbili, zote zinaenea kwenye kitenge changu sawasawa. Moja ukiisukuma inaingia na kurudi. Nyingine nilisukuma kwa mikono miwili mpaka nikatoka jasho, na kurudi ilirudi taratibu, kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Nikasema nipe hizo ngumu. Mama gani atamchagulia mtoto wake kitu chepesi?

Tarehe 7

Fundi Sulaiman amezifunga, hapa hapa mtaani kwetu Mbugangari. Alikuwa na haraka ya harusi ya dada yake, akafunga, akapiga gari kofi kama anapiga ng'ombe, akaenda. Simpendi sana huyu fundi. Anacheka na kila mtu, na mtu anayecheka hivyo sijui anafikiri saa ngapi.

Tarehe 8

Wameenda, wamerudi.

Tarehe 10

Kwizera anasema gari limetulia, halirukiruki tena. Nimepika maharage na ndizi. Nimefurahi mpaka nikamwambia jirani.

Tarehe 14

Mvua ya kwanza. Vitunguu vya sokoni vimeoza, ikabidi nipande Mudende kununua shambani. Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka wa tisini na saba nilikuwa sijapita barabara ile. Kwizera alinitazama nikiingia, akasema Mama, si lazima. Nikamwambia endesha.

Nilikaa nyuma, katikati. Kulia kwangu mama mwenye kuku. Kushoto, dirishani, pakabaki wazi, yule aliyekuwa pale aliteremka njiani.

Yalipoanza mawe yale meusi, gari likashuka nyuma. Kidogo. Kisha tena kidogo. Kisha tena. Namna watu wanavyopanda mmoja baada ya mwingine, kila mtu anasogea. Nikageuka kutazama nani amepanda, na gari lilikuwa linakwenda, hakuna mlango uliofunguka. Lilikuwa limelalia upande wa kushoto. Yule mama wa kuku alisukumwa juu yangu, akasema pole.

Tukaenda hivyo, chini, tumbo la gari linagusa mawe, mpaka kwenye mikaratusi. Pale Kwizera alisimama kumchukua mzee Bizumuremyi, yule wa viazi. Mzee bado yuko mbali, anakuja na mkongojo. Gari limesimama kimya. Ndipo likaanza kuinuka lenyewe, polepole, upande wa kushoto, na chini yake pumzi: fyuuu. Kama mtu mzito anayeteremka kwa adabu, hataki kuamsha wenzake.

Kwizera alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nikainamisha macho.

Niandike sasa, maana nimeanza. Pale penye mikaratusi, mwezi ule wa kumi na mbili, ndipo wenye bunduki walipolisimamisha gari alilopanda mwanangu wa kwanza, Jado, wakaua watu. Waliopatikana tuliwazika. Jado hakupatikana. Mpaka leo mtaa mzima wananiita Mama Jado.

Tarehe 15

Sikulala vizuri. Vitunguu vimeuzwa vyote.

Tarehe 17

Nimepanda tena. Nilisema naenda kuagiza viazi. Mawe yakaanza, gari likashuka. Mikaratusi, gari likainuka. Fyuuu. Wakati wa kurudi pia, linashuka kwenye mawe ya juu, linainuka pale pale.

Nilikuwa na hofu. Lakini tulipopita nikajikuta natazama nyuma kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Tarehe 20

Mvua.

Tarehe 21

Nimepanda. Nilitia kikapu changu kwenye kiti cha kushoto ili pasikaliwe. Abiria mmoja aliniuliza kikapu kimelipa nauli? Watu wakacheka. Nikalipa nauli ya kikapu.

Tarehe 23

Nimepanda. Leo sikuogopa. Lilipoanza kushuka nilisogea kulia, nikampa nafasi.

Tarehe 27

Kwizera haulizi kwa nini napanda kila mara. Mimi nilidhani ataniuliza. Tunakula pamoja, ananiambia habari za mipaka, habari za mvua, bei ya mafuta ya gari, kila kitu isipokuwa hicho. Belyse ndiye aliyeuliza. Aliniambia Mama, vitunguu gani hivi vya kufuata kila siku na Goma hauendi? Alisema huku anakata mboga za dodo, hakuniangalia. Huyu msichana ni mkavu. Hata siku ya matanga ya Jado, wakati huo bado mchumba tu, alikuwa anaosha masufuria wakati sisi tunalia.

Tarehe 1 mwezi wa kumi

Maneno yameanza. Kwenye kituo wanasema gari la Kwizera linabeba mtu asiyelipa. Mzee Bizumuremyi alitaka kuligeuza mzaha, akaonyesha gari, akamwambia Kwizera mbele ya watu, "Hii voiture yako iko na mimba kama bibi yako, kila siku inanenepa mu njia." Walicheka, lakini wawili walihama wakapanda gari la nyuma.

Zamani Kwizera alikuwa anajaza gari kabla sijamaliza kumfungia chakula. Leo amengoja saa nzima.

Tarehe 4

Belyse amempeleka mumewe kwa Sulaiman. Nasema amempeleka, maana alitangulia yeye na tumbo lake, Kwizera nyuma kama mtoto wa shule. Nikafuata.

Sulaiman aliingia chini ya gari, akakaa sana huko. Alipotoka hakuwa anacheka. Aliniuliza mimi, siyo Kwizera, amotiseri hizi nani alichagua. Nikasema mimi, kwa kitenge.

"Kuja nikuonyeshe, Mama Jado," akasema. Akaokota resori kuukuu, akaisimamisha, akaikalia. "Resori ni mutu ya kubeba. Gari ikipiga jiwe, anakunjama, kisha anataka kuinuka. Amotiseri kazi yake ni kumwambia tu pole pole, usiruke. Bon. Hizi zako ni za gari kubwa ya mizigo. Na resori za Kwizera ni ndogo, tena zimechoka. Donc anajaribu kuinuka, amotiseri inamukatalia. Hajainuka bado, jiwe ingine iko. Anashuka. Ingine, anashuka tena. Ule wa kusema pole pole akikuwa na nguvu kupita mwenye kubeba, mwenye kubeba hainuke tena."

Nikamuuliza, na gari likisimama?

"Ikisimama, mawe imekwisha. Amotiseri inaachilia, kidogo kidogo. Inapanda. Na hewa yake, fyuuu."

Alifanya ile sauti kwa mdomo wake, sawasawa kabisa, kama aliisikia. Nilimchukia. Nikasema na kwa nini linalalia kushoto? Akasema hiyo tutaona tukifungua.

Akasema ni hatari. Gari likiwa chini hivyo, gurudumu litasuguana na bati, na kwenye kona za mvua litakataa kugeuka. Akasema muuzaji wa Goma ananijua mimi, niende anibadilishie, anipe zile nyepesi zinazopatana na gari dogo, na resori mpya mbili za gari hilo hilo. Kisha atafunga zote siku moja.

Nikasema sawa, nitaenda.

Tarehe 6

Nimevuka. Nimesimama mbele ya duka. Lilikuwa wazi, muuzaji anakula karanga. Aliniona, akaniita. Nikampungia mkono nikapita.

Nyumbani nimesema duka limefungwa.

Tarehe 11

Nimesema tena limefungwa.

Mungu anisamehe. Sulaiman anasema ni mawe, na mimi nina akili, najua mawe ni mawe. Lakini miaka miwili sina kaburi la kufagia. Sina mahali pa kusimama nikasema mwanangu yuko hapa. Sasa nina pale, kuanzia mawe yanapoanza mpaka kwenye mikaratusi. Ni dakika nne. Kama ni amotiseri, basi ni amotiseri. Nikizibadilisha nitabaki na nini?

Tarehe 12

Nimepanda. Nilimwambia kwa sauti ndogo, Jado, mdogo wako atakuwa baba. Gari likashuka kidogo zaidi.

Tarehe 15

Mvua toka asubuhi. Ziwa halionekani.

Tarehe 19

Nimesema limefungwa, mara ya tatu. Kwizera akajibu, "Labda wiki ijayo, Mama." Alisema kwa upole kupita kiasi.

Tarehe 22

Abiria wawili tu leo nzima, Kwizera na mimi na hao wawili. Kwenye mawe nilimwona anapunguza mwendo mwenyewe, kabla gari halijashuka. Na penye mikaratusi alisimama, hakuna aliyekuwa anangoja pale. Alisimama tu. Likainuka. Kisha akaondoa gari.

Nimekaa na jambo hili jioni yote. Mwanangu naye anamngoja.

Tarehe 27

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Belyse alikwenda Mudende kumwona mama yake mdogo anayeumwa. Nilimwambia asipande, ngojea Jumamosi. Akasema mtu mgonjwa hangoji Jumamosi. Nikapanda naye. Kwenda, tulikwenda salama. Yeye alikaa kushoto. Nilitaka kumwambia hapo pana mwenyewe, nikaona aibu.

Kurudi, mvua ilikuwa inashuka kama inamwagwa na ndoo, barabara mto. Mawe ya juu yakaanza. Gari likashuka, likashuka, nikasikia gurudumu linakwaruza juu yake, kwaa, kwaa, na harufu ya mpira unaoungua mvuani. Belyse alishika tumbo kwa mikono miwili. Akamwambia Kwizera simama. Kwizera akasema bado kidogo tu, tufike penye mikaratusi.

Ndivyo alivyosema. Penye mikaratusi.

Tairi likapasuka. Gari likapinda kushoto, Kwizera anazungusha usukani na usukani hausikii, tukatoka barabarani, tukaruka mfereji, tukaingia kwenye shamba la viazi na kusimama kwenye tope. Upande wa kushoto wa shamba lile ni korongo. Nimepima kwa hatua zangu baadaye: hatua sita.

Mvua juu ya bati. Na gari, limezama tope, tairi limekufa, likaanza kuinuka. Polepole. Fyuuu.

Nilisikia na Belyse akasikia. Akafungua mlango, akatoka kwenye mvua na tumbo lake, akasimama kati ya viazi anatetemeka. Nilimfuata na kitenge changu kumfunika. Hapo ndipo alipoongea, na tangu nimemjua hajawahi kuongea maneno mengi hivyo.

"Mama, mi najua munamungoja. We na Kwizera, wote wawili. Mi iko naona kila siku. Nilienda kwa ule muuzaji mwenyewe wiki iliyopita, duka iko wazi. Nilimwambia Kwizera. Akasema tumwache Mama kidogo. Na mi nikanyamaza, nikasema ni Mama, ana uchungu yake. Leo sinyamazi. Huyu wa tumboni hakumujua Jado. Huyu hamungoji mutu. Yeye tunamungoja sisi."

Nikaanza kusema Jado asingetudhuru. Akanikata.

"Siku ya matanga yake niliosha sufuria mpaka usiku, sababu nikikaa ningelia, na nani angepikia watu?"

Kwizera alikuwa amekaa bado kwenye usukani, mlango wazi, miguu yake topeni, uso ameufunika. Mimi niliyenunua kitu kigumu kwa kumpenda, nilimwona mwanangu amekunjama pale, hainuki.

Watu wa shamba walitusaidia kusukuma. Belyse alikuwa na maumivu njia nzima. Daktari amesema mtoto anacheza, lakini yeye alale wiki mbili.

Tarehe 28

Nimemwambia Kwizera nilidanganya mara tatu. Akasema anajua. Akasema yeye alimdanganya Sulaiman mara nne, kwamba Mama anaumwa hawezi kuvuka. Tulitaka kucheka, haikuwezekana.

Tarehe 29

Nimevuka. Muuzaji alinishangaa, akasema mama, nilikuita mara ngapi? Amebadilisha. Safari hii nilibeba karatasi ya Sulaiman, namba za gari na mwaka wake, kitenge nimekiacha nyumbani. Amotiseri nyepesi mbili, resori mpya mbili. Nilisukuma moja kwa mkono mmoja, ikaingia, ikarudi kunifuata kiganja. Nilidhani itanichukiza. Haikunichukiza.

Tarehe 30

Sulaiman amefungua gari nyuma. Alitoa zile ngumu, akaziweka chini pamoja na resori za zamani. Nikamkumbusha swali langu la kushoto.

Nilimdhania mtu wa mchezo. Leo amefanya kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Alisukuma amotiseri ya kushoto mpaka mwisho, akaiachia, akahesabu kwa midomo mpaka iliposimama. Akafanya ya kulia. Hesabu ile ile. Akarudia. Ile ile. Akasimamisha resori mbili kwenye ubao, akazipima urefu, akazikalia moja moja. Sawa. Alikagua chuma cha chini, hakikupinda.

Alijifuta mikono muda mrefu.

"Labda barabara imeinama kushoto," akasema.

Kwizera akamwambia tulikuwa tunashuka kushoto kwenda, na kushoto kurudi. Barabara ikiinama kwenda kushoto, kurudi itainama kulia.

Sulaiman akanitazama mimi. "Hiyo sijui, Mama Jado. Sitakudanganya. Zingine zote najua. Hiyo sijui." Kisha akaniuliza, kwa heshima, kama anauliza mlangoni kabla ya kuingia: "Nifunge mupya?"

Wote wakangoja mimi niseme. Angesema ni mawe tu, ingekuwa rahisi. Ningesema funga, nikaenda kulala. Lakini alisema hajui, na mbele yangu pale chini zimelala zile bomba mbili zinazoweza kumleta, na kule nyumbani Belyse amelala kwa amri ya daktari.

Nikasema funga.

Tarehe 31

Wameenda, wamerudi.

Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja

Abiria wameanza kurudi. Mzee Bizumuremyi amesema voiture imejifungua kabla ya bibi. Belyse alicheka kitandani mpaka nikamwambia anyamaze, ataumiza mtoto.

Sijapanda. Kwizera hajaniambia gari linapita vipi pale, na mimi sijauliza.

Tarehe 23

Mtoto wa kike. Alfajiri. Wote wazima. Siwezi kuandika.

Tarehe 29

Leo nimepanda. Nilikaa dirishani kushoto mimi mwenyewe, gari limejaa, watu wanne nyuma wamebanana. Mawe yakaanza. Gari likaingia kwenye jiwe, likainuka. Likaingia, likainuka. Limesimama sawasawa, kushoto na kulia, kama ng'ombe mzima anayetembea. Nilifunga macho nikangoja lishuke. Halikushuka.

Kwenye mikaratusi nikamwambia Kwizera simama. Akasimama. Nilingoja ile pumzi. Kimya, injini tu. Nikateremka, nikamwambia nenda na abiria wako, nitarudi kwa miguu.

"Mama, ni mbali. Na mvua inakuja."

"Nenda, baba. Nimetembea mbali kuliko hapa."

Hakutaka. Abiria wakaanza kunung'unika, ndipo akaondoa. Nilisikiliza gari mpaka sauti yake ikaisha, linapiga mawe na kuinuka.

Mikaratusi ile ni mingi kuliko nilivyodhani, kutoka garini nilikuwa naona michache. Chini yake hakuna upepo, lakini majani ya juu yanatikisika. Pana mahali nyasi zimelala, upande wa kushoto wa barabara, kama panapokaliwa. Labda wachungaji. Sikukanyaga pale.

Nikamwambia. Niliongea kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoongea nyumbani:

"Jado, ni mimi. Kama hukuwa wewe, basi nimeongea na miti, hakuna hasara. Kama ulikuwa wewe, asante kwa kupanda. Una mtoto wa ndugu yako, wa kike, ana paji la uso lako. Gari la Kwizera usipande tena, lina watu. Mimi nitakuja. Kila mwezi nitakuja kwa miguu, nitafagia hapa. Ukitaka kunisindikiza, nisindikize, mimi nina nafasi."

Majani ya juu yakatulia. Labda ni mvua iliyokuwa inakuja, kabla ya mvua huwa yanatulia.

Nikaanza kushuka kwenda mjini. Kwenye mawe nilisikia changarawe nyuma yangu, hatua moja, kisha nyingine, za mtu asiye na haraka. Sikugeuka. Nilisogea kulia kidogo, nikatembea polepole ili asiachwe, na mvua ilipofika nilijifunika nusu ya kitenge, nusu nikaiacha wazi upande wa kushoto.